Saa Nzima ya Midomo

Nina video ya saa moja na dakika nane inayomwonyesha mzee akitoa ahadi. Ni video safi. Ndevu zake za hina zinaonekana unywele mmoja mmoja, jasho linameta juu ya mdomo, na ukuta ulio nyuma yake umeyeyuka ukawa rangi tu, buluu ya kupendeza. Watu wa kazi hii nikiwaonyesha huniuliza nilitumia lenzi gani.

Haina sauti. Hata kikohozi hakuna. Na kwa sababu haina sauti, binti yangu analala Masalani kwa watu wa baba yake, na mimi nalala Garissa.

Watu hupenda kuniambia ni kadari. Sawa, ni kadari. Lakini kadari haikuingia kwenye menyu ya ile kamera ikabonyeza. Nilibonyeza mimi.

Nilianza kupiga harusi nikiwa na mimba ya huyo mtoto. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama hazikunipeleka popote, nikaolewa. Mume alikuwa mtu wa mifugo, wiki tatu yuko njia ya Ijara na mnadani, wiki moja yuko nyumbani. Karibu na stendi ya mabasi kulikuwa na studio ya mama mmoja Mpokomo aliyepiga picha za pasipoti na vitambulisho. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na alikutazama kama anakupima mwanga. Huyo mama alijua kitu ambacho wanaume wenye kamera walikijua pia lakini hawangeweza kukifanyia lolote: upande wa wanawake kwenye harusi zetu sisi Wasomali, mwanamume haingii. Yeye aliingia miaka mingi, mpaka magoti yakamkataa.

"Wewe una magoti," aliniambia siku niliyokwenda kupigwa picha ya kitambulisho. "Na lugha ni yako. Njoo nikufundishe, uache kukaa nyumbani ukihesabu mbu."

Alinifundisha vizuri. Alinifundisha kutobadilisha lenzi nje upepo unapovuma, kwa sababu vumbi la Garissa halina adabu, linaingia hata pale ambapo hewa haiingii. Alinifundisha kuweka betri ya akiba ndani ya nguo badala ya mkobani, jua lisiimalize. Alinifundisha kwamba kamera hizi za picha, ukizitumia kwa video, hukatika zenyewe zikikaribia nusu saa, kwa hiyo uwe na saa mkononi na kidole karibu na kitufe. Stendi ya miguu mitatu akaniambia niifunge mfuko wa mchanga katikati, isije ikaangushwa na mtoto au na upepo.

Harusi yangu ya kwanza ya kufanya peke yangu ilikuwa Bula Iftin. Mlangoni alikaa shangazi mmoja na beseni, akikusanya simu za wageni kama anayekusanya viatu. Kamera yangu tu ndiyo iliyopita. Kabla sijafungua mkoba, mama wa bibi harusi akanivuta kando.

"Hiyo kamera yako inaona?"

"Inaona, hooyo," nikamjibu; ndivyo tunavyomwita mama.

"Na inasikia?"

"Inasikia."

"Basi izibe masikio."

Nilicheka. Hakucheka. Akanieleza, na ukimsikiliza alikuwa na hesabu yake. Video ya harusi hutazamwa na wanawake wa nyumba. Picha unaweza kuifungia: unafunga mlango, unavuta pazia, nani ataona? Lakini binti zetu wakiimba, wakitoa buraanbur, yale mashairi ya wanawake, sauti haijui pazia. Mabati hayazuii sauti. Jirani mwanamume atakaa kwake na chai yake asikie mke wa mtu akiimba. "Wee weka kaswida juu yake baadaye," akasema. "Sauti zetu zibaki humu humu."

Nikaingia kwenye menyu. Kurekodi sauti: zima. Kikatokea kialama kidogo pembeni mwa skrini, nikakiona mara mbili tatu, halafu jicho likakizoea kama linavyozoea doa la ukutani. Familia ya pili ikataka vivyo hivyo. Ya tatu haikuhitaji kusema. Niliizima mara moja tu, siku ile, na sikuiwasha tena. Kwa nini niiwashe? Nilikuwa nachukua picha, naziunganisha kwenye kompyuta, naweka kaswida chini, watu wanalia kwa furaha. Kazi nzima nimeifanya kwa macho. Miaka ikapita bila kusikiliza kitu chochote nilichorekodi.

Mama wa studio alipogundua alinikasirikia.

"Unazima sauti? Basi wewe hupigi video. Wewe unapiga picha zinazotikisika."

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Wanavyotaka wao leo. Kesho utarekodi kitu kingine. Watu husamehe picha mbaya, msichana. Sauti mbaya hawaisamehe."

Nilimwona mzee anayeishi zamani. Nakumbuka hata nilivyogeuza macho. Leo ningelipa chochote nirudishe macho yale mahali pake.

Halafu kuna siku ya dukani. Nilikuwa nimeweka pesa ya msimu mzima wa harusi, nikapanda basi mpaka Nairobi, Eastleigh, kwenye duka la vifaa lililokuwa ghorofani, jembamba kama ushoroba. Mtoto alikuwa mgongoni. Muuzaji alikuwa kijana wa kwetu, anaongea haraka, mkono mmoja unafungua maboksi na mwingine unajibu simu. Niliweza kununua vitu viwili kati ya vitatu. Stendi ya chuma ilikuwa lazima, ile ya plastiki ilikuwa imevunjika mguu na nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha leso. Ikabaki kuchagua kati ya lenzi ya uso na kinasa sauti kidogo chenye maiki ya kubana kwenye nguo.

"Dada, wewe unapiga nini?" akaniuliza.

"Harusi. Upande wa akina mama."

"Basi maiki ya nini? Chukua lenzi." Akaifunga kwenye kamera yangu, akanilenga mimi na mtoto, akanigeuzia skrini. Duka lote nyuma yetu lilikuwa limeyeyuka kama samli. Nyuso zetu zikabaki peke yake duniani. Sikuwa nimewahi kujiona hivyo. Mwanangu alikuwa ananitafuna mtandio, na mate yake yalimeta kama fedha.

Nilisikia sauti ya mama wa studio kichwani, sidanganyi. Nikaipuuza. Lenzi ikaingia mkobani, kinasa sauti kikarudi kwenye boksi. Na nilirudi Garissa nikijiona bingwa.

Talaka ilikuja kwa simu. Mtoto alikuwa na miaka mitano hivi. Sitaandika mengi juu ya baba yake, kwa sababu si yeye aliyeongea siku ile. Kwetu mwanamume akiwa na jambo kubwa, wanaoongea ni wazee wake. Nilikwenda kwa kadhi mimi mwenyewe, na ujinga wangu wote na cheti changu cha sekondari, nikafungua faili ya kubaki na mtoto. Hapo ndipo ukoo ulipoamka.

Abti yangu, kaka wa mama, alikuja nyumbani akakaa kwenye mkeka akiwa amekunja uso.

"Abti, mambo ya damu hayapelekwi kwenye faili," aliniambia, maana kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti. "Tutafanya maslaha. Wazee watakaa, watasema, tutamaliza. Wewe ukiondoa faili, wao watakupa mtoto kwa heshima. Ukiwashinda kule, watakupa kwa chuki, na mtoto ataila hiyo chuki."

Nilimpenda abti. Bado nampenda. Nikakubali, kwa sharti moja.

"Nitarekodi."

Mama yangu aliyekuwa anamimina chai akasimama na birika hewani. "Arekodi," alisema. "Maneno ya hawa watu ni kama mto wa laga. Leo maji, kesho mchanga."

Kikao kilifanyika sebuleni kwa abti baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wazee watano. Wawili ndio wa kukumbuka. Mmoja alikuwa mwenyekiti, mzee asiye wa upande wowote, aliyekuwa ameletwa kwa sababu hana ugomvi na mtu. Wa pili alikuwa adeer wa mume wangu, ndugu wa baba yake, yule ambaye mwanangu anamwita awowe, babu. Huyo ndiye msemaji wao. Ahadi ingetoka kinywani mwake.

Nilidhani watakataa kamera. Wapi! Walifurahi kama wachumba.

"Ngoja nivae kofia vizuri," mwenyekiti alisema.

"Binti, mimi unikate hapa," mmoja akaonyesha chini ya kifua. "Tumbo liache nyumbani."

"Kamera gani itaweza kuliacha hilo tumbo?" mwingine akamjibu. "Labda wapige kwa ndege."

Awowe yeye alichana ndevu kwa vidole, akakaa wima, akanitazama kwenye lenzi moja kwa moja. Nikamlenga yeye peke yake. Nilipima mwanga, nikazungusha lenzi mpaka uso wake ukaonekana wazi, nikaangalia skrini: alikuwa mzuri, lazima niseme. Alionekana kama mtu ambaye hawezi kusema uongo. Hiyo ni kazi ya lenzi.

Kamera ilisimama mlangoni. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Nilitoa mkono tu kuifikia. Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Betri mpya. Kadi tupu. Mfuko wa sukari wa abti chini ya stendi isitikisike. Saa mkononi, na kila ilipokaribia nusu saa nilinyoosha kidole nikabonyeza upya, taratibu, wasigundue. Mama aliniangalia kwa kiburi. Ungesema nafanya upasuaji.

Na mimi nilisikia kila neno. Ndiyo sababu sikuwa na wasiwasi. Masikio yangu yalikuwa yanafanya kazi, nikasahau kwamba kamera ina yake.

Walizunguka kwanza, kama kawaida. Ukame. Ngamia waliopotea. Nani alioa kwa nani miaka gani. Halafu mwenyekiti akasema, "Tuje kwa mtoto," na awowe akakohoa.

"Mtoto ni wetu," alisema. "Lakini sisi si watu wa kunyang'anya. Atakaa na mama yake mpaka amalize shule ya msingi. Mpaka afike miaka hii." Akanyoosha mikono yote miwili, vidole kumi, akaikunja, akanyoosha viwili. "Kumi na miwili. Hapo katikati hatutamgusa. Na mama yake naye aondoe karatasi yake kule kwa kadhi."

"Umekubali?" mwenyekiti akauliza kuelekea pazia.

"Nimekubali," nikajibu.

Awowe akageuka akatazama lenzi, akatabasamu. "Na wewe kamera, umesikia?"

Sebule nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya pazia. Wakafungua viganja, wakasoma Fatiha, chai ikaingia, na mwanangu akapenya katikati yao akiwa na miguu mitupu. Awowe akampakata akampa kipande cha halua. Kwenye video unaona utosi wake tu, chini kabisa ya picha, msitu wa nywele wenye ukungu.

Kesho yake nilikwenda kufunga faili. Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipo hasa, kwa sababu watu hudhani ni kuzima sauti. Kuzima sauti kungerekebishika. Wazee wale wote waliniomba niwatumie video. Mwenyekiti aliniomba kupitia mke wake. Yule wa tumbo aliniomba mara tatu. Ningeifungua siku ile tu ili niikate vipande vya kutuma kwa simu, ningegundua siku ile. Ahadi ilikuwa bado ya moto. Ningekwenda na uso wa aibu nikasema, wazee, mashine imenisaliti, naomba mrudie dakika tano. Wangenicheka wakarudia. Wallahi wangerudia, walikuwa wanapenda kamera.

Lakini ulikuwa msimu wa harusi. Nilinakili ile video kwenye diski, nikaandika jina juu yake kwa kalamu, nikaifunga ndani ya soksi, nikaitia kwenye sanduku la nguo. Kila walipouliza nilijibu inshallah. Nilikaa na soksi ile karibu miaka miwili kama mtu aliyelala juu ya bunduki, bila kujua haina risasi.

Walikuja mtoto alipotimiza miaka saba. Gari moja, awowe mbele, ndugu wawili wa baba yake nyuma. Walikunywa chai. Halafu awowe akasema, kwa upole kabisa, kwamba wakati umefika, shule ameshapatiwa Masalani.

"Wakati gani?" nikauliza.

"Saba. Tulisema saba. Ndiyo desturi."

"Mlisema kumi na miwili."

"Saba, binti yangu."

Sikulia, sikupiga kelele. Nilijisikia vizuri, kusema kweli. Nilijisikia kama mtu aliyengojea miaka miwili aulizwe swali ambalo jibu lake analo. "Subirini," nikasema. "Mwiteni abti. Mwiteni na mwenyekiti. Nina video."

Nilimwangalia awowe nilipolitamka hilo neno. Alikuwa na tasbihi mkononi, na vidole vyake vilikuwa vinazisukuma punje moja moja tangu aingie. Vikasimama. Mpaka abti alipofika, na mwenyekiti akaletwa na bodaboda, zile punje hazikusogea hata moja.

Niliweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki katikati ya sebule. Wakajikusanya, vichwa karibu. Nikabonyeza.

Akatokea. Ndevu, jasho, buluu. Mdomo ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Nikaongeza sauti. Nikaongeza mpaka mwisho. Nikatafuta spika, nikachomeka, nikachomoa. Nikavaa vya masikioni: hakuna hata ule uvumi wa hewa. Nikasogeza mbele, nikarudisha nyuma. Na ndipo nikakiona kile kialama cha kamera kichwani mwangu, pembeni mwa skrini, kidogo kama kuku amedonoa. Nikajua.

"Labda betri," mwenyekiti alisema kwa huruma.

"Ngojeni," nikasema. "Mikono. Alionyesha kwa mikono."

Tukaitafuta ile sehemu. Tukaiona. Lakini nilikuwa nimemkata karibu, kwa ile lenzi yangu ya uso, uso na bega moja. Mkono wa kulia unapanda, umekuja mbele ya uso kwa hiyo umekuwa wingu la kahawia. Wa kushoto uko nje ya picha. Halafu wingu linashuka, na vinapanda vidole viwili, au vitatu.

"Tano na mbili," awowe alisema. "Hiyo ni saba." Na nikasikia tasbihi zimeanza tena: tik, tik, tik.

"Ulinyoosha mikono yote miwili!" Hapo nilipiga kelele. "Abti, si ulimwona?"

"Nilimwona," abti alisema. "Naapa."

"Wewe ni abti yake," awowe akamjibu bila hasira. "Ungeapa hata kama ulikuwa umelala."

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Yule mzee alipapasa magoti yake, akatazama mkeka, akatazama mlango. "Mimi nakumbuka," alisema hatimaye, "kwamba tulikubaliana vizuri sana, na chai ilikuwa nzuri."

Basi. Ndiyo hukumu niliyopata.

Awowe aliinama akaitazama video kwa dakika nzima, akijitazama anavyonitazama. "Lakini picha ni nzuri," alisema. "Mashallah. Ile siku uliniahidi utanitumia."

Mnaniuliza kwa nini sikurudi kwa kadhi. Nilikwenda. Karani ni yule yule, na aliniambia naweza kufungua upya, nilete ushahidi wa makubaliano. Ushahidi ni abti, mzee, ambaye ingebidi ashike Msahafu mbele ya watu apinge wazee wenzake aliokaa nao maisha yake yote. Nilimwangalia, nikamwona ameanza kunyauka tangu siku ile. Sikufungua. Huo ni woga, naujua kwa jina lake. Naujutia woga kuliko ninavyoijutia sauti.

Kinasa sauti nilikinunua mwezi ule ule walipomchukua. Niliagiza, kikaja kwa basi. Ni kama aliyenunua kufuli wakati fisi ameshamaliza mbuzi. Nilikwenda nacho studioni, mama wa watu akakigeuza geuza mkononi. Nilingoja aseme nilikuambia. Hakusema. Alinifundisha kubana maiki chini ya kidevu isisuguane na nguo, akaniambia, "Vaa vya masikioni kila mara. Usiamini skrini. Skrini haisikii."

Mwaka huu awowe alinipigia simu mwenyewe. Binti yake anaolewa, Masalani hakuna mwanamke mwenye kamera kama yangu. "Uje na ile lenzi," alisema. "Na sauti za akina mama, unajua wewe, zima." Nilitaka kumtupia maneno ambayo hayaandikiki. Nikasema nitakuja, kwa sababu mwanangu alikuwa huko.

Amerefuka. Ameng'oka meno mawili ya mbele. Aliponiona alisimama kwanza, kama anayekumbuka adabu za mgeni, ndipo akanikimbilia, na ule usimamaji mdogo ndio uliobaki ndani yangu. Upande wa wanawake nilifanya kazi yangu. Shangazi aliyekaa mlangoni akaniuliza, "Umezima?" Nikajibu, "Nimezima," na nilikuwa nimezima. Siwezi kuiba sauti za wanawake wenzangu kwa sababu mimi nimeibiwa.

Kabla ya chakula nilimchukua mwanangu tukaenda nyuma ya tangi la maji. Nikambana kile kimaiki kwenye gauni lake, nikavaa vya masikioni chini ya hijabu. Nilisikia akitafuna biskuti. Nilisikia kamasi yake ikipanda na kushuka, na bangili zake, na kwa mbali wanaume wakicheka uani. Nilimuuliza ana miaka mingapi, anasoma nini, nani anamsuka nywele. Alijibu yote kwa haraka, meno yakimpigisha miluzi.

"Hooyo, hii inasikia?"

"Inasikia kila kitu."

"Hata nikinong'ona?"

"Hata ukinong'ona."

Akakishika kimaiki kwa vidole viwili, akakiweka mdomoni. Alikuwepo siku ile, magotini kwa yule mzee, na halua mkononi. Sijawahi kumuuliza anachokumbuka, na sikumuuliza. Yeye ndiye aliyenong'ona.

"Basi mpelekee awowe," alisema. "Arudie."

Nikachungulia kwenye kona ya tangi. Awowe alikuwa amekaa kwenye kiti cheupe kati ya wageni wake, kofia mpya, ndevu zimetiwa hina asubuhi ile. Alikuwa karibu, hatua thelathini hazifiki. Ningekipeleka, angesema saba, na safari hii ingesikika vizuri kabisa.